Wazee wetu wa Uingereza wapumzike wapi wakati wa baridi? Yaliyotukuta Tanga, Lushoto na Coventry

Mama wa Ngamiani

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Kila ikifika Septemba naona vijana wanaulizana wawapeleke wapi wazazi wao waliostaafu huku Uingereza ili wakwepe baridi. Majibu ni yale yale kila mwaka: Zanzibar, Mombasa, Hispania, na picha za fukwe. Mimi nina miaka 68, nimefanya unesi Coventry miaka ishirini na sita. Mume wangu ana 74, alikuwa dereva wa basi. Tumeshaikimbia baridi mara tano, na mara mbili za kwanza nusura zitutie hasara kubwa, moja ya roho na moja ya nyumba. Nayaandika hapa kwa urefu kwa sababu hakuna aliyetuambia sisi.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Watu wanadhani tatizo ni nyuzi joto. Januari Coventry ni kama nyuzi saba mchana, moja au mbili usiku. Unavaa, unawasha hita, maisha yanaenda. Kinachommaliza mzee ni giza. Jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi, saa kumi jioni limeshazama, na siku nyingi hata hilo halionekani kwa mawingu. Njia ina barafu, mzee anaogopa kuteleza avunje nyonga, basi hatoki. Wiki inakwisha, ya pili inakwisha. Mwaka aliostaafu, mume wangu alikaa kwenye kiti cha dirishani toka Desemba mpaka Machi. Siku moja nikamuuliza unawaza nini, akanijibu, "Sijaamkiwa na mtu tangu Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Hapo ndipo tulipokata shauri la kusafiri.

Mwaka wa kwanza tukaenda kwetu Tanga, Ngamiani, mwishoni mwa Januari. Nyumba ya marehemu baba ipo, ndugu wapo, nikaona hakuna la kufikiria. Kumbe nilikuwa nimesahau kaskazi. Kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote pwani: mchana nyuzi 32 au 33, unyevunyevu juu yake, na usiku haupoi. Mume wangu anameza dawa tatu za presha, mojawapo ni ile ya kutoa maji mwilini. Huku Coventry haina neno. Kule jasho linatoka, dawa nayo inatoa, na mtu akishazeeka kiu haimwambii ukweli, anaweza kukauka bila kuhisi kiu.

Siku ya tisa, baada ya swala ya adhuhuri, umeme ulikatika, feni zikasimama. Alikuwa amekaa barazani na kaka yangu. Nikamletea dafu. Akanyoosha mkono kulipokea, mkono ukapita pembeni ya dafu, akaegemea ubavu taratibu mpaka chini. Nilimfinya ngozi ya nyuma ya kiganja, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Midomo myeupe. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, nimempakata kichwa. Akawekewa dripu mbili, daktari akaisimamisha ile dawa, akaniambia angechelewa saa chache figo zingeingia matatani. Mimi nesi wa miaka ishirini na sita, nilimbebea mume wangu dawa zilizopimwa kwenye baridi nikamlisha kwenye joto. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Alipopata nafuu shemeji zangu wakasema mleteni kwao. Yeye ni Msambaa wa Lushoto. Tukatoka asubuhi, Segera, Mombo, halafu ule mpando wa kona wa kilomita thelathini na kitu kutoka Mombo kwenda juu. Mnaoijua njia hiyo mnajua: kila kona hewa inabadilika. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na walipanda huko kwa sababu hii hii, kulikimbia joto la pwani. Mchana una jua zuri, usiku unataka blanketi. Januari na Februari sokoni kuna plamu na pichi. Baada ya siku nne mzee alikuwa anashuka mwenyewe na fimbo mpaka msikitini, na kila hatua kumi mtu anamsimamisha: "Shikamoo mzee, habari za Ulaya?" Saa nzima kwa mwendo wa dakika kumi. Sikumuona akikaa dirishani tena.

Mwaka wa pili tulijipanga kwa upande wa afya tukasahau nyumba ya huku. Tulizima boila kabisa ili kuokoa gesi. Baridi ikashuka chini ya sifuri, bomba la darini likapasuka. Jirani aliona maji yanatoka chini ya mlango. Tuliporudi dari la chumba cha kulala lilikuwa juu ya kitanda, plasta imelowa kama uji, zulia linanuka. Kampuni ya bima ikatuambia mkataba unasema nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, maji hayalipiwi. Nilisoma, kweli imeandikwa, ukurasa wa kumi na kitu. Mikataba mingine ni siku 30, mingine 60. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi, soma karatasi ya bima ya nyumba, uwapigie simu, uombe waongeze siku. Acha boila kwenye nyuzi 12 hadi 15, au funga maji kwenye valvu kuu na umwage yaliyobaki kwenye mabomba. Mpe jirani ufunguo apite kila wiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limetuchukua miaka mitatu kulielewa. Mzee wa Uingereza anayetaka kwenda kukaa nyumbani, hesabu yake ni wiki 12. Kila mlango unaougonga unakupeleka hapo hapo. Dawa: GP wengi, yaani madaktari wa mtaani, hawakupi zaidi ya za miezi mitatu. Ukikaa nje zaidi ya miezi mitatu wanaweza pia kukutoa kwenye orodha yao. Viza: mume wangu alichukua uraia wa Uingereza, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, anaingia kwao kwa viza ya dola 50 ya siku 90. Attendance Allowance, ile posho ya wazee wanaohitaji uangalizi, kwa wanaoipata, inaendelea mpaka wiki 13 za safari ya muda. Wiki 12 zinakuweka ndani ya yote hayo na siku chache za akiba.

Mimi nimebaki na pasipoti ya Tanzania na kibali cha kudumu cha Uingereza. Wenye kibali kama changu, kumbukeni kinapotea ukikaa nje miaka miwili mfululizo.

Na msichanganye kwenda na kuhamia. Pensheni ya serikali (kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki mwaka wa 2025/26) inakufuata popote. Lakini ukihamia moja kwa moja Tanzania au Kenya inaganda pale pale, nyongeza ya kila Aprili huipati tena. Aliyehamia Jamaika, Mauritius, Ufilipino au Marekani anaongezwa, wetu haongezwi. Nimewaona wazee waliohama miaka ya nyuma wanapokea kiasi kile kile cha mwaka walioondoka. Ni dhuluma, nami nasema hivyo bila kificho, mtu amekatwa mshahara sawa na wenzake. Ila anayekwenda wiki 12 na kurudi haguswi na hilo.

Siku hizi tunaondoka wiki ya kwanza ya Januari. Desemba tiketi ni ghali, na wajukuu wako likizo hapa hapa. Tunapita Tanga siku tano tu kuwasalimia ndugu, tunapanda Lushoto mpaka mwisho wa Machi, masika yakianza kunyesha sana tunarudi. Na miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo Februari na Machi. Kufuturu na watu arobaini baada ya miaka ya kufuturu wawili, hilo siwezi kulitia kwenye hesabu ya pauni.

Naomba wengine mseme ya kwenu, hasa mlio Marekani na Kanada, sheria za huko siyo za huku.

Kijana wa Leeds

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Mama yangu ana miaka 72, anaishi peke yake hapa Leeds, mimi niko dakika ishirini kutoka kwake. Nimeshaweka nafasi ya fleti Kunduchi, karibu na bahari, miezi mitatu kuanzia Januari. Ana presha na sukari. Baada ya kusoma haya nimeanza kuogopa. Nivunje?

Mtoto wa Mvita

Mama, heshima zako, lakini pwani yetu mwaiogopesha watu. Mimi niko Toronto, wazazi wangu wote wazaliwa wa Mombasa na kila mwaka waenda kwao Januari hadi Machi. Miili yao yajua joto lile. Nyumba za zamani zilijengwa kwa kaskazi: dari ndefu, madirisha yakabiliana, baraza ipatayo upepo. Mzee wangu saa nne asubuhi hadi saa kumi hatoki, afanya kama walivyofanya babu zake. Shida ni hizi fleti mpya, vioo vitupu, na umeme ukikatika wachemka humo ndani.

Kwa Kanada: Ontario yakuruhusu kuwa nje hadi siku 212 katika miezi kumi na miwili bila kupoteza bima ya afya ya mkoa. Pensheni ya uzeeni yaendelea kwa aliyeishi Kanada miaka ishirini au zaidi baada ya kutimiza 18, lakini ile nyongeza ya wenye kipato kidogo yakatika baada ya miezi sita nje. Ninyi wa Uingereza mna miezi mitatu, sisi twapumua kidogo zaidi. Na Kenya tangu katiba ya 2010 twashika pasipoti mbili, hakuna habari ya viza kwa mzaliwa aliyerudisha uraia wake.

Kitu kimoja cha bima ya safari. Someni neno "hali tulivu ya ugonjwa". Kampuni nyingi zataka ugonjwa wa zamani uwe haujabadilika kwa miezi kadhaa kabla ya safari. Daktari akikubadilishia kipimo cha dawa wiki mbili kabla ya kuondoka, hata akikipunguza, waweza kuambiwa ugonjwa huo haumo kwenye bima. Mzee wangu alipangiwa miadi Desemba, tukaiomba iwe Septemba.

Mama wa Ngamiani

Mtoto wa Mvita, nakubali, na nashukuru umelisema la nyumba. Nyumba ya baba Ngamiani tulibomoa paa la makuti miaka ya nyuma tukaweka bati. Pengine ndiyo chanzo chenyewe. Ila babu zako hawakuwa wanameza dawa ya kutoa maji. Hapo ndipo mzazi wa leo anapotofautiana nao.

Kijana wa Leeds, marahaba mwanangu. Usivunje kwanza. Mpeleke mama kwa GP, mwambie daktari mezani kabisa: "Tunakwenda kwenye nyuzi 33, dawa gani ibadilishwe, na nikimuona anaregea nisimamishe ipi?" Ombeni muda mapema ili wapime tena kabla hajaondoka. Sukari nayo, kama anachoma insulini, ibebwe kwenye mkoba wa mkononi. Mizigoni huko chini ya ndege inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. Mama kwao hasa ni wapi?

Kijana wa Leeds

Kwao Bukoba, mama. Kunduchi nilichagua mimi kwa sababu ya bahari.

Mie wa Unguja

Assalaam alaykum. Hapa hakuna aliyeitaja Maskati. Sisi wenye ndugu Omani tunamshusha bibi huko. Disemba mpaka Februari hewa ya Maskati ni nyuzi 25 mchana, kavu, hakuna malaria, hospitali nzuri. Na Kiswahili kipo majumbani, wazee waliotoka Unguja na Pemba bado wanakizungumza na watoto wao, bibi akikaa Seeb mwezi mzima hasemi Kiingereza hata neno moja. Kasoro yake ni kuwa pasipoti ya Uingereza inakupa siku 14 bila viza, zaidi ya hapo uombe viza, na hoteli ni ghali. Bila jamaa wa kukupokea, usijaribu.

Na wanaokwenda Zanzibar kwa pasipoti ya kigeni, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima, dola 44, inakuchukua siku 92. Hata kama una bima yako ya safari unailipa. Bibi yetu mzaliwa wa Mji Mkongwe kailipa kama mgeni, akatia machozi pale kiwanjani. Hakuwa na neno na pesa. Kilimuuma kuitwa mgeni.

Nesi wa Minneapolis

Habari zenu. Kwa sisi wa Marekani jambo la kwanza la kujua ni kwamba Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haivuki mpaka. Ukilazwa Moshi au Mombasa unalipa mwenyewe. Baadhi ya bima za nyongeza za Medigap zinalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi, baada ya wewe kulipa dola 250 za mwanzo, kwa siku 60 za kwanza za safari tu, na kikomo cha maisha yako yote ni dola 50,000. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 mwenye moyo mbovu akisema anakwenda miezi mitatu, siku 60 zake zikipita hana kitu. Na anayepata SSI, ile ya wasio na kipato, inasimama akimaliza siku 30 nje.

Wazazi wa mume wangu walijaribu Arizona, Phoenix, kama wafanyavyo wazee wengi wa Minnesota. Januari kule ni nyuzi 19 au 20, kavu, jua kila siku, na Medicare yao ya kawaida inafanya kazi kule kule. Kwa mwili walipona, goti la baba lilinyooka. Lakini walikaa kwenye kijiji cha wastaafu ambako kila mtu ni mwema na hakuna anayekujua. Mama alikuwa ananipigia simu saa kumi na moja alfajiri kunieleza alichopika. Mwaka uliofuata wakachagua wiki saba Arusha. Goti likauma tena kidogo, simu za alfajiri zikakoma.

Kwa wenye green card: ukipita miezi sita nje unaweza kuhojiwa uwanjani, ukipita mwaka bila kibali cha kurudia ni hatari kubwa. Wiki saba hazina shida.

Mnyamwezi wa Luton

Mimi nasema Hispania, na nina sababu. Baba yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwa mtu wa dayalisisi habari ya kijijini ni hadithi. Kadi ya afya ya Uingereza ya kwenda Ulaya, GHIC, inagharamia dayalisisi kwenye hospitali za serikali Hispania ilimradi kituo cha figo cha huku kimepanga na cha kule mapema. Tulienda Tenerife wiki tatu mwezi Februari, nyuzi 20 mchana. Asubuhi mashine, jioni anatembea ufukweni. Pasipoti ya Uingereza inaruhusu siku 90 katika kila siku 180 kwa nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, kwa pamoja, hesabuni vizuri. Upweke kweli upo, lakini tulikwenda wanne, tukabeba unga wetu wa ugali.

Mama wa Ngamiani

Mnyamwezi, umesema kweli tupu, na Mungu amjaalie mzee nguvu. Ndiyo maana sipendi mtu ajibiwe "nenda Zanzibar" kabla hajaulizwa anaumwa nini.

Niongeze la malaria maana hakuna aliyeligusa upande wa Afrika. Wazee wetu wanasema "mimi nimezaliwa nayo". Kinga ile inapungua ukikaa Ulaya miaka. Wodini kwetu wagonjwa wa malaria tuliowapokea hawakuwa watalii wa kizungu, walikuwa watu wetu waliotoka kusalimia nyumbani, hawakumeza kinga. Muulize GP au mfamasia kinga gani inakubaliana na dawa zake za moyo, kwa sababu siyo zote. Chandarua hata Lushoto, kwa sababu mtashuka Mombo na Tanga. Na ukipata homa hata miezi kadhaa baada ya kurudi, ndani ya mwaka mzima, mwambie daktari neno la kwanza: nilikuwa Afrika.

Chanjo ya homa ya manjano kwa aliyevuka miaka 60 ina hatari zake, daktari ndiye apime. Anayetoka Uingereza moja kwa moja Tanzania hadaiwi cheti. Akipitia Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12 anadaiwa. Kwa hiyo njia ya ndege nayo ni sehemu ya uamuzi, usinunue tiketi ya bei rahisi tu. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua, ni bure, hata kama mzee anatembea. Foleni za viwanjani ndizo zinazomchosha, ndani ya ndege anakaa.

Kijana wa Leeds

Mama nimeongea na GP, wiki ijayo wanampima. Nimeangalia pia Bukoba, naona kule joto halizidi nyuzi 26, 27 na kuna dada yake mama. Bado nataka miezi mitatu. Kitu kingine cha kuuliza, mama anapata pensheni ya serikali na juu yake Pension Credit, ile nyongeza ya wastaafu wenye kipato kidogo, na kodi ya nyumba yake inalipwa na halmashauri. Hizo hazina shida si ndiyo?

Mama wa Ngamiani

Mwanangu, zina shida kubwa, na nashukuru umeuliza kabla.

Pensheni ya serikali haina neno. Lakini Pension Credit ukitoka nje ya nchi mwisho ni wiki 4. Zamani ilikuwa 13, wakapunguza 2016. Na siyo kwamba anakula wiki nne halafu inakatwa ya tano. Kama tangu mwanzo safari imepangwa kuzidi wiki nne, inasimama tangu siku ya kuondoka. Msaada wa kodi ya nyumba nao kwa safari ya nje ni wiki 4. Akifiwa na ndugu wa karibu akiwa huko wanaweza kuongeza mpaka 8, na kwa matibabu mpaka 26. Kupumzika hakumo.

Kuna wanaowashauri wazee wasiseme. Usimfanyie mama yako hivyo. Namjua mama mmoja wa miaka 79 aliyerudi akakuta barua ya deni, akawa anakatwa kila wiki, na aibu ile ilimfungia ndani kuliko barafu. Wapigie simu, toa tarehe ya kwenda na ya kurudi, andika jina la aliyepokea simu.

Kwa mama yako hesabu yangu ya wiki 12 haipo. Ana wiki nne. Swali lililobaki ni wiki nne zipi. Mimi ningesema katikati ya Januari mpaka katikati ya Februari. Huku ndipo baridi imekolea, na Bukoba mvua zinapungua kidogo kabla ya masika.

Mtoto wa Mvita

Kijana, samahani, nasoma tangu juu. Wewe ulichagua Kunduchi, sasa sisi twachagua Januari. Mama mwenyewe amesemaje?

Kijana wa Leeds

Sijamuuliza. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza. Jumapili nitakwenda kwake.

Mama wa Ngamiani

Nenda na kalenda, siyo na simu. Mwekee mezani achague kwa kidole.

Kijana wa Leeds

Nimerudi, wakubwa.

Nilimpelekea kalenda kama mama alivyoniambia. Nikamweleza habari ya wiki nne, nikamwonyesha Januari na Februari, nikamweleza kuhusu giza na jua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunua kurasa kurudi nyuma, akaweka kidole kwenye Novemba.

Nikamwambia mama, Novemba Bukoba ni mvua tupu, na baridi ya huku ndiyo kwanza inaanza, ukirudi Desemba utaikuta yote inakusubiri. Akasema anajua. Akasema baridi ya Januari ameizoea miaka kumi na tisa, ana blanketi lake la umeme na ana redio. Lakini Novemba ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na tangu 2011 hajakaa na dada yake kibarazani usiku, beseni katikati yao, wakinyonyoa mbawa. Dada yake ana miaka 80.

Nimeifuta fleti ya Kunduchi, nimepoteza malipo ya awali. Tiketi nimekata jana, ya kwenda Novemba 4 na kurudi Novemba 30, na Pension Credit nimewapigia, wameandika. GP amebadilisha kidonge kimoja, anampima tena baada ya wiki mbili. Januari nitakuwa nakwenda kwake kila jioni nikitoka kazini, hilo halihitaji viza.

Ninachotaka kujua sasa, kwa wenyeji wa Kagera mliomo humu: senene waliokaangwa wakakauka vizuri, naruhusiwa kuingia nao Uingereza? Ameniagiza niulize kabla hajaondoka.